Wasifu wa Matar Pandu Silima na Vioo Vyake Vinne

Umesomwa na kaka yake, Mkubwa Pandu Silima, katika hitima ya siku ya tatu, Kumbini, Jumapili tarehe 19 Oktoba 1958. Umepigwa taipu na Mabrouk, aliyefanya kazi na marehemu.

Wazee wetu, mama zetu mlio upande wa pili wa ukuta, na jamaa mliokuja na gari la asubuhi kutoka mjini, Assalamu alaykum. Kuna swali ambalo limeulizwa tangu mikeka ilipotandikwa, na wengine wameliuliza kwa hasira. Kwa nini tumekaa hapa uwanja wa msikiti, jua linatuchoma, na skuli mpya iko hatua mia mbili tu, ina paa la mabati na inaingia watu wote? Jawabu limo ndani ya karatasi hii, na litafika mahali pake. Marehemu alikuwa mtu wa kwenda tabaka kwa tabaka, kutoka juu kwenda chini, na aliyeandika haya ameona amfuate. Linaloombwa kwa sasa ni moja: asiinuke mtu kwenda kujipumzisha kwenye baraza ya skuli mpaka isomwe yote.

Marehemu Matar Pandu Silima alizaliwa hapa Kumbini, kusini mwa Bwejuu, Jumatatu tarehe 8 Machi 1926, mwezi wa Shaaban, siku chache kabla ya mfungo. Tarehe hiyo haina shaka. Baba yake, mchoma chokaa Pandu Silima, aliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumba, na mama yake, Bi Kidawa, hajakubali ule mlango upakwe rangi hadi leo. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni huyu Mkubwa anayesoma, ambaye humu atatajwa kama wanavyotajwa wengine, bila ya kupendelewa.

Utoto wake ulipita kwenye tanuu la chokaa. Baba akivunja mawe, Matar alikuwa akichambua kombe za bahari zilizonasa ndani yake. Siku moja alimletea baba jiwe na kumwuliza, "Baba, huyu kombe kaingiaje humu?" Mzee akamjibu kuwa kaumbwa humo humo. Matar akaligeuza jiwe pande zote, kisha akasema, "Na mlango wake uko wapi?" Baba alicheka mpaka akaweka nyundo chini, na Matar hakusahau kuwa hakujibiwa. Bi Kidawa naye alikuwa akilalamika kila akifua: "Mifuko ya watoto wenziwo ina ubuyu, wako una mawe! Hizi kanzu nshona mara ngapi?"

Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa ya viungo iliyomlaza siku arubaini. Alipona, akarudi tanuuni, tukadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Homa ile ilikuwa imeacha kitu moyoni mwake, nacho kilikaa humo kimya kwa miaka ishirini na mbili.

Alihitimu Kurani hapa kijijini. Kwa kuwa Kumbini haikuwa na skuli, alikwenda ya mbali, saa mbili kwa miguu kwenda na saa mbili kurudi, juu ya mawe makali ambayo yalikula jozi tatu za viatu kwa mwaka. Hili lishikwe vizuri, kwa sababu litahitajika mbele: hakuna mtu aliyeitamani skuli ya Kumbini kuliko mtoto aliyetembea kwa kukosa skuli ya Kumbini. Mwaka 1941 alikwenda sekondari mjini, akakaa Kiponda kwa jamaa. Mwaka 1946 alikwenda Makerere kusoma sayansi. Mwaka 1949 serikali ilimpeleka Uingereza, na huko ndiko alikochukua shahada ya kwanza ya elimu ya miamba, ambayo wenyewe wanaiita jiolojia.

Habari hizo zilipofika kijijini zilileta vicheko. Watu walimwuliza Bi Kidawa kama mwanawe anasomea udaktari. Akajibu, "La, anasomea mawe." "Mawe yanasomewa, Bi Kidawa? Si tungemfundisha sisi hapa?" Bi Kidawa alikuwa akicheka nao, kisha akirudi ndani hasira zikimkaa siku nzima.

Alibaki Uingereza kwa shahada ya pili, kuanzia Oktoba 1951 mpaka Julai 1953. Aliwahi kumweleza kaka yake tofauti yake. Katika ile ya kwanza mwalimu hukuuliza jambo analolijua yeye. Katika ya pili unapewa jambo ambalo mwalimu mwenyewe halijui, na huna wa kumwuliza. Yeye alipewa vilima vya mawe ya chokaa, maili kumi na mbili kwa nane, avitembee vyote na kuvichora. Alitembea peke yake na nyundo, dira na daftari, katika mvua ya baridi ambayo kwa maneno yake ilikuwa ikimnyeshea hata ndani ya mifupa. Aliingia mapangoni kwa kamba. Alikata vipande vya mawe na kuvisaga, na barua aliyomwandikia Mkubwa mwezi wa Februari 1952 bado ipo: "Kaka, nimelisaga jiwe mpaka limekuwa jembamba kuliko ukucha, mwanga unapita. Nimeliangalia kwa darubini. Ndani yake mna viumbe vya bahari vimejaa tele, na ni jamaa wa wale wa tanuuni kwa baba. Nimeuona mlango wao."

Swali alilopewa lilikuwa hili: mvua hulifanya nini jiwe la chokaa kutoka chini, pasipoonekana? Jawabu alilolipata limo katika kitabu cha kurasa mia na sitini, na aliweza kulisema kwa maneno machache. Mvua hailivunji jiwe hilo. Hulila. Hulila polepole miaka elfu, juu pakabaki pazuri, majani yameota na watu wamejenga, na siku ya mwisho haifanani na zile zilizotangulia.

Huko huko alionyeshwa shimo lililokuwa nyumba. Watu watano walikuwa mezani wanakula ardhi ilipofunguka na kuwameza. Mtaalamu mmoja alikuwa amekwisha kumwambia mwenye nyumba kuwa ardhi ile si ya kuaminika, lakini alimwambia kwa adabu, kwa barua moja, kisha akaenda zake. Matar alikaa pembeni ya lile shimo mpaka wenzake wakamwacha. Alirudi akiwa na neno moja, na kila aliyefanya kazi naye amelisikia: kujua si kazi, kazi ni kukaa pale mpaka watu wamekusikia.

Walikuwa wanafunzi wanane katika shahada ile. Elimu hiyo ina milango mingi, na wenzake waliingia kwenye ile inayong'aa: wawili shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, mmoja dhahabu, watatu mafuta ya Ghuba, mmoja akabaki kufundisha. Matar pia aliitwa na kampuni ya mafuta, akaonyeshwa picha ya nyumba atakayokaa. Mwalimu wake alimwuliza atakwenda kutafuta nini, akajibu, "Maji." Alifanya kazi Dodoma tangu Septemba 1953, akipima mahali pa kuchimba visima katika nchi kavu, na Januari 1955 alirejea Unguja na kuajiriwa katika afisi ya serikali mjini, sehemu ya maji.

Tarehe 9 Juni 1955 alimwoa Mwanakhamis binti Abrahman, wa Malindi. Posa ilikuwa na vituko vyake. Bibi yake bi harusi alipoambiwa kazi ya mchumba alisema, "Ati mjukuu wangu nimwoze mgonga kokoto?" Matar hakuudhika. Alimpelekea bibi kipande cha jiwe la Kumbini alichokisaga mwenyewe, amekitia baina ya vioo viwili, akamwambia akiinue dirishani. Bibi alikaa nacho dirishani mpaka adhana ya adhuhuri, kisha akasema harusi iwe kabla ya mwezi kwisha. Walikaa Kiponda, ghorofa ya pili, na mwaka 1956 walijaaliwa mtoto wao wa pekee, Mwanakheir.

Kazini alikuwa mpole na king'ang'anizi. Aliwafundisha watu wa mwambao huu kuwa maji yetu ya kunywa yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta ya nazi yanavyokaa juu ya mchuzi, na kwamba anayechimba kwa pupa anakoroga chungu. Wageni walipokuja kutoboa ardhi kutafuta mafuta, barazani kila mtu alimwuliza Matar yako wapi. Alikuwa akijibu, "Nikiyajua ntakwambia weye kwanza," na kila mmoja alikwenda nyumbani akijiona ameahidiwa.

Sasa tunafika kwenye pango.

Mwezi wa Mei 1957 alikuja Kumbini kupima pango la maji, lile ambalo mama zetu huteremka na ndoo. Alikuja na Mabrouk, mshika futi wake. Wakati huo huo kijiji kilikuwa kimekwisha kuanza skuli, baada ya kuiomba miaka kumi na moja. Fundi wake mkuu alikuwa Mkubwa, na kuta zilikuwa zimefika kiunoni.

Waliwasha taa ya karabai, wakapita mahali pa kutekea, wakapita mahali ambapo wanawake hawajawahi kupita, wakatambaa, na mara wakasimama katika ukumbi. Mabrouk anasema unaingia msikiti huu mara tatu. Chini mawe makubwa yalikuwa yameanguka, na mengine makovu yake juu yalikuwa bado meupe. Kisha wakasikia mtu anazungumza. Sauti ilitoka juu ya vichwa vyao, wazi kabisa: "Jiwe hilo kombo! Ling'oe! Hujui kama watasoma watoto humu?" Ilikuwa sauti ya Mkubwa.

Mabrouk alitoka pangoni bila ya taa na bila ya kiatu kimoja, na tangu siku hiyo anasema yeye ni mtu wa kazi za juu. Matar alibaki, akapima, akachora. Aliporudi nje aliutembeza mchoro wake juu ya ardhi kwa kamba na vigingi, na kamba ikaingia ndani ya kuta za skuli na kutokea upande wa pili. Mahali pembamba kuliko pote, baina ya sakafu ya watoto na ule ukumbi, palikuwa na futi tano za jiwe. Juu ya sakafu hiyo aliona ufa unaoweza kufichwa na uzi.

Aliandika afisini, na kazi ikasimamishwa. Hapo ndipo kijiji kilipogeuka. Katika mkutano uliofanyika kwenye uwanja huu, sheha wetu, Bwana Shaame, alimwambia mbele ya watu, "Weye umesoma mpaka skuli za dunia zimekwisha, sasa za watoto wetu ndo unazifunga?" Matar alisema, "Shikamoo, mzee wangu. Mimi nilitembea saa nne kila siku. Ningeweza kuibeba skuli hii mgongoni kuiweka kule magharibi, ningeibeba." Hakuna aliyemjibu marahaba. Wapo waliosema kuwa msomi huyu anataka aonekane, na wengine walikuwa ndugu.

Hakuondoka. Alichukua ukanda wa kioo, mrefu kama kiganja na mwembamba, akaulaza juu ya ufa na kuukandika chokaa ncha zote mbili, Ijumaa tarehe 14 Juni 1957, baada ya sala. Aliandika tarehe pembeni. Akaeleza, na tuliokuwapo tulielewa sote, kwani hakikuwa kitu cha kutatiza. Kioo hakinyumbuki. Ardhi ikisogea hata unene wa unywele, kitavunjika. Kikikaa mwaka mzima, na masika yakapita juu yake, basi ufa umelala, naye atasema amekosea na skuli ijengwe. Kikivunjika hata siku moja kabla, mtu asikae hapo tena, wala mbuzi asifungwe. Kukitazama kila siku alimwachia kaka yake, kwa sababu ni fundi, na kwa sababu alimwamini.

Novemba 1957 ile homa ya utotoni ikadai chake. Alianguka kwenye ngazi za nyumba ya Kiponda. Daktari alimsikiliza moyo muda mrefu, kisha akamwita Mkubwa na Mwanakhamis pembeni, akasema asipande ngazi, asibebe kitu, na juu ya yote asishtushwe. Alihamishiwa Chukwani, nyumba ya chini ya mjomba wake Mwanakhamis, kwenye upepo. Kila Alkhamisi Mkubwa alikuwa akienda kumtazama, na kila Alkhamisi, kabla hata ya kuulizana hali, Matar aliuliza, "Kioo vipi, kaka?"

Na Mkubwa akijibu, "Kizima."

Kwanza lilikuwa jawabu la kweli. Jumapili tarehe 12 Januari 1958 halikuwa kweli tena. Asubuhi hiyo kioo kilikutwa kimekatika katikati, mkato ulionyooka. Mkubwa alikaa chini pale pale. Kisha alifanya ambalo kila mmoja wetu hapa angelifanya, maana hakuna nyumba ya Kumbini inayompelekea mgonjwa habari mbaya. Mgonjwa huambiwa mvua imenyesha vizuri, mbuzi amezaa, fulani anakusalimu. Daktari mwenyewe alikuwa amekwisha kusema. Mkubwa alikata ukanda mwingine kutoka dirisha bovu, akachanganya chokaa, akaukandika, akaandika pembeni ile ile tarehe ya 14 Juni 1957, na akasugua udongo juu yake uonekane wa zamani. Mkono wa fundi haukushindwa. Alkhamisi iliyofuata aliulizwa, akajibu kizima, na mgonjwa akatabasamu, akala uji wote. Mtu akiona mdogo wake amekula uji wote, yale mengine huyaona madogo.

Wala isisemwe kuwa ilikuwa huruma peke yake. Mkubwa alikuwa akiitaka skuli ile. Kila jiwe la kuta zile alilichonga yeye, na alichoka kupita mbele ya watu waliomwita kaka wa mfunga skuli. Alijiambia kuwa chokaa changa ikikauka hunywea, na ikinywea huvuta kioo, kwa hivyo si ardhi iliyovunja, ni chokaa. Fundi chokaa yeyote angelisema hivyo. Lakini fundi chokaa yeyote anajua pia kuwa chokaa huvuta wiki za mwanzo, si baada ya miezi saba.

Kioo cha pili kilivunjika Ijumaa tarehe 18 Aprili, katikati ya masika. Kikabadilishwa. Mwezi huo Bi Kidawa alirudi kutoka pangoni akasema, "Mkubwa, popo wamehama." Akaambiwa popo huhama. Baada ya wiki mbili alisema maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Akaambiwa ni mvua. Bi Kidawa ni mke wa mchoma chokaa, na aliijua rangi ya chokaa kwenye maji kabla wanawe hawajazaliwa. Akamwuliza mwanawe mkubwa, "Matar anajua?" Akajibiwa, "Mgonjwa huyo, mama." Naye akanyamaza, kwa sababu yeye pia ni mama wa mgonjwa.

Tarehe 14 Juni 1958 mwaka ulitimia. Alkhamisi tarehe 19 Matar aliomba kalamu. Mwanakhamis alimshikia ubao, naye akaandika barua ya afisini kwa mkono wake: kioo kimekaa miezi kumi na miwili na masika mazima, hesabu yake ya hatari haikuthibitika, anaondoa zuio, na lawama zote za kuchelewesha skuli ni zake. Mkubwa alikuwa amekaa kitandani kwake, umbali wa mkono mmoja. Alikuwa na nafasi ya kusema, na ilikuwa ndefu, maana Matar aliandika polepole akipumzika kila mstari. Hakusema. Matar alipomaliza alicheka, akasema, "Sijapata kufurahi kukosea kama leo. Nnawaona wale watoto, kaka, hawatembei." Katika daftari lake, ukurasa wa siku hiyo, pana maneno mawili tu: Nimekosea. Alhamdulillahi.

Skuli ilimalizwa mwisho wa Septemba. Kioo cha tatu kilivunjika tarehe 25 Agosti, siku yalipopandishwa mawe ya linta, yale ya juu ya milango na madirisha. Kikabadilishwa. Na kijiji kizima kilisema, wengine kwa kicheko na wengine kwa ubaya, kuwa Uingereza imempotezea Matar miaka yake, maana hata tanuu lingemfundisha kujua jiwe zima na jiwe bovu. Maneno hayo yalimfika Chukwani. Alikufa nayo.

Alifariki Alkhamisi iliyopita, tarehe 16 Oktoba 1958, baada ya sala ya alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Mwanakhamis alikuwa amemshika mkono, na Mkubwa alikuwa amefika saa moja kabla. Pumzi ilikuwa fupi na maneno yakikatika. Aliuliza lile lile. Akajibiwa lile lile. Akafumba macho, akasema, "Basi salama," na hakusema tena ila shahada. Alizikwa hapa Ijumaa.

Baada ya maziko, watu walipokwenda kula, Mkubwa alikwenda skuli peke yake. Kioo cha nne kilikuwa kizima Jumatano, alikiona kwa macho yake. Ijumaa kilikuwa kimevunjika, na safari hii vipande havikugusana. Ufa ambao ulifichwa na uzi sasa kidole cha shahada kinaingia. Aliinama akasikiliza. Chini, mbali, aliyasikia mawe yakiangukia majini, moja, kisha kimya, kisha jingine. Jana Bi Kidawa alishusha ndoo mahali pake pa siku zote, ikagonga jiwe palipokuwa na maji.

Hilo ndilo jawabu la mikeka. Mlango wa skuli umefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa anayesoma. Vioo vyote vinne vimo katika kitambaa hiki, kila kimoja na siku yake kiliyovunjika, vitapitishwa mkono kwa mkono. Kesho Jumatatu watoto sitini na mmoja wameambiwa waje na madaftari. Wasije. Bwana Shaame, unaombwa mbele ya watu hawa: wasije. Mabrouk ataondoka na gari la alasiri, apeleke afisini vioo na nakala ya karatasi hii. Atakayesema kuwa fundi kapagawa kwa msiba, aje pale na kidole chake kwanza. Na atakayetaka kumhukumu Mkubwa, anajua nyumba yake. Lakini mtu asiseme tena kuwa Matar Pandu Silima alikosea. Hakukosea hata inchi moja. Aliwaamini ndugu zake, basi.

Marehemu ameacha mama, Bi Kidawa. Mke, Mwanakhamis, ambaye yuko eda Chukwani, na ambaye hakujua lolote kati ya haya mpaka jana. Binti, Mwanakheir, wa miaka miwili. Na kaka mmoja. Ameacha daftari kumi na nne, nyundo, dira, na ramani ya lile pango, ambayo itatundikwa msikitini ili kila mtu aone mahali pa kukanyaga na mahali pa kukimbia.

Tumwombee Mwenyezi Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampe utulivu ule aliodhani sisi tumempa. Kaka yake naye ana deni la jawabu moja, na analilipa leo ingawa mwenye kuuliza hayupo. Uliuliza, kioo vipi.

"Kimevunjika, Matar. Kilivunjika tangu Januari."